Kiitikio Kupitia Mlango

Wifi yangu hajawahi kunikosea adabu hata siku moja, na hilo ndilo linaloniudhi. Ningekuwa na wifi mkorofi ningejua pa kumshika. Huyu wangu anaamka kabla yangu, anachemsha maji ya kuoga, ananiwekea yangu kwenye ndoo na kuyafunika na sinia yasipoe, na akinikuta koridoni ananipisha mpaka mgongo wake unagusa ukuta. "Umeamkaje, wifi?" Nimeamka. Alitaka nisiamke?

Ni mke wa mdogo wangu, mtoto wa mwisho kwa mama yetu. Nyumba alituachia marehemu baba sisi wawili, kwa hiyo alipomleta mke sikuwa na la kusema. Mimi nina chumba cha mbele, wao wana cha katikati, na kile cha nyuma, ambacho baba alikuwa akitengenezea redio za watu, ndicho chumba chetu cha kurekodia. Tumesimamisha magodoro mawili ukutani yameze mwangwi, tumetundika blanketi dirishani, na spika zimekaa juu ya matofali. Kompyuta ni kuukuu, ikipata moto inavuma kama inakaanga vitunguu. Humo ndimo tumerekodi kila wimbo wa bendi yetu. Bendi ya roki, ndiyo. Watu wakisikia roki wanauliza kama tunaweza kupiga kitu cha kuchezeka kwenye harusi. Hatuwezi.

Mdogo wangu anapiga gitaa. Besi anapiga rafiki yake tunayemwita Nguzo, kwa sababu jukwaani hasogei hata nzi akimtua puani. Mpiga ngoma tunamkodi. Mimi ni mwimbaji. Na mdogo wangu ndiye anayechanganya, yaani kila mtu akisharekodi sehemu yake, yeye hukaa na kompyuta akipandisha hiki na kushusha kile, mpaka wimbo ukae sawa. Sauti ikishatoka kinywani mwangu na kuingia kwenye mashine, mwenye mamlaka nayo ni yeye. Kwa miaka mingi hilo halikunikosesha usingizi.

Halafu koo likaniasi. Kuna kinyama kiliota kwenye nyuzi zangu za sauti. Daktari alinieleza kwamba atakiondoa, na kwamba nitazungumza vizuri tu, ila kuimba kwa kupasua kama nilivyozoea nisahau. Aliniambia hivyo huku anatafuta kalamu yake mfukoni. Nikarudi nyumbani, na siku moja kabla ya kulazwa nikaingia chumba cha nyuma nikarekodi wimbo niliouandika mwenyewe, unaitwa "Sihami." Beti zake nazinong'ona tu, karibu kusema. Wimbo wote uko kwenye kiitikio: sihami, sihami, hata mkibomoa paa. Hapo lazima upasue. Nilipasua siku ile, koo linawaka moto, machozi yananitoka kwa maumivu, na asubuhi nikaenda kukatwa.

Kwa hiyo ugomvi wenyewe ueleweni vizuri. "Sihami" ndio wimbo wa mwisho wenye sauti yangu. Hakuna kurudia, hakuna kusema tutarekodi tena wiki ijayo. Kinachotoka kooni kwangu sasa ni mkwaruzo wa mlango wa bati. Mtu akiugusa wimbo ule ananigusa mimi.

Mdogo wangu akaanza kuugusa.

Kabla sijaendelea niseme jinsi tunavyosikiliza, maana kwetu kuna sheria. Baba akimaliza kutengeneza redio alikuwa anaiwasha, anaingia bafuni, anafunga mlango, anasikiliza kutoka huko. "Sauti ikiwa mbele yako inakulaghai," alikuwa akituambia. "Weka mlango katikati uijue tabia yake." Wateja walimwona kichaa lakini redio zake zilikuwa hazirudi. Sheria hiyo tumeirithi pamoja na nyumba. Kila miksi, yaani wimbo uliokwisha kuchanganywa, tunaisikiliza chumbani kwanza, halafu kwenye redio ndogo ya jikoni, halafu mtu anakwenda bafuni kufunga mlango. Ikipita mlangoni, imepita.

Miksi ya kwanza ya "Sihami" ilikuwa gitaa. Sauti nyingine zote zilikuwa makombo. Nikaisikiliza mpaka mwisho nimekunja mikono, kisha nikamuuliza, "Huyu mwanamke anayeomba msaada kutoka chini ya kisima ni nani?"

"Ni wewe, dada."

"Basi nishushie kamba."

Akacheka. Wakati huo tulikuwa bado tunacheka. Ya pili akanipandisha, lakini ngoma zikawa zinapigwa na mtu aliyevaa glavu. Ya tatu besi ikapotea, Nguzo akakaa kimya siku nzima, na Nguzo akikaa kimya zaidi ya kawaida yake ujue amekasirika. Ya nne ilikuwa karibu nzuri, ila nilisikika nimefungiwa kabatini. Nikamwambia. Akaniambia mimi sijui ninachokitaka. Nikamwambia ninachokitaka ni gitaa lake lijue kwamba si mtoto wa pekee. Akasukuma kiti, akatoka, mlango ukajibu kwa niaba yake.

Ya tano ndiyo iliyoniletea balaa. Nilikuwa jikoni, redio ndogo imeegemea kopo la chumvi, na kiitikio kilipoingia kilisimama wima. Kilikuwa kizuri, na uzuri huo ukanitia wasiwasi. Mimi siku ile niliimba nikiwa na kidonda kooni, na huyu wa kwenye redio hakuwa na kidonda. Nikairudisha nyuma. Nyuma ya sauti yangu kulikuwa na sauti nyingine, inanifuata unyayo kwa unyayo.

Nikaenda chumba cha nyuma. "Nani huyo nyuma yangu?"

Mdogo wangu hakugeuka. "Wifi yako. Anakushikilia tu, kidogo."

"Mimi ni ukuta unaoanguka?"

"Dada, kiitikio hakikusimama. Siku ile ulikuwa mgonjwa."

"Najua nilikuwa mgonjwa, nilikuwepo. Nani alikuruhusu?"

"Ningekuuliza ungekataa."

Angalau hilo alisema kweli. Nikamwambia amtoe. Akasema sawa. Miksi iliyofuata nikaisikiliza kutoka bafuni, na wifi alikuwa bado yumo, ameshushwa kidogo kama mtu aliyeambiwa atoke sebuleni akaenda kusimama nyuma ya pazia. Nikarudi nikamtukana mdogo wangu matusi ambayo mama angeyasikia angenipiga na mwiko. Akaahidi tena. Na katika miksi ya baada ya hapo nilikuwa sina hakika tena nani yuko mbele na nani yuko nyuma. Kila mdogo wangu akirekebisha, wifi anapanda na mimi nashuka, na wote wawili wananiangalia usoni wakisema hakuna kilichobadilika.

Sasa mtauliza, wifi kajulia wapi kuimba kwangu? Huyu binti aliingia kwetu kupitia koo langu. Alikuwa anakuja kwenye maonyesho yetu tangu hajaolewa, anasimama mbele kabisa, mdomo wake unakwenda na kila neno langu, hata yale niliyoyasahau nikayabuni papo hapo. Mdogo wangu alimwona kutoka jukwaani. Akamwoa. Mpaka leo akiosha vyombo anaimba nyimbo zangu za zamani kwa sauti ya chini, na anavuta pumzi pale pale nilipokuwa navuta mimi. Wengine wangefurahi. Mimi nilikuwa natoka koridoni nikisikia najiimba jikoni, nikiingia namkuta yeye, mikono ina povu, anatabasamu. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Siku ile ile niliyosikia miksi hiyo nilimfuata. Nikasimama mlangoni mwa jikoni nikamziba njia.

"Wifi, unataka nini?"

"Sitaki kitu, wifi."

"Mtu asiyetaka kitu haingii kwenye wimbo wa mwenzake."

"Niliombwa."

"Ukiombwa figo utatoa?"

Akaangalia sinki. "Kwako wewe, ndiyo," akasema.

Nilitamani kumwagia yale maji ya vyombo. Unagombana vipi na mtu wa namna hiyo? Unarusha jiwe, anakurudishia limefutwa vumbi. Nikamwambia kwamba mimi sikuhitaji figo, nilihitaji aondoke kwenye kiitikio changu, na kwamba kama ana hamu sana ya kuimba akaandike wimbo wake, karatasi hazijaisha madukani. Akasema, "Sawa, wifi." Akaendelea kusuuza kikombe kile kile.

Kulikuwa na kampuni moja ya muziki inayokusanya nyimbo za bendi za roki kwenye albamu moja, na wimbo wetu ulitakiwa Jumatatu. Jumamosi mchana Nguzo akaja na besi yake mgongoni, ingawa hakukuwa na chochote cha kupiga. Tukaingia chumba cha nyuma. Wifi akabaki mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi, hakuingia, hakuondoka.

"Nasema mara ya mwisho," nikasema. "Kiitikio kiende na mimi peke yangu. Wengine wote nje."

"Dada, ukijisikia mwenyewe utakataa," mdogo wangu akasema.

"Nikatae sauti yangu?"

"Hujaisikia ikiwa peke yake. Tangu urudi hospitali hujawahi kuisikia. Kila mara nimekuwekea ndani ya vitu."

"Ndiyo hayo nasema. Umenifunika funika kama maiti. Sauti yangu naijua hata nikiwa usingizini, mtoto wewe. Nilikuwa naimba wakati wewe unakojoa kitandani."

Masikio yake yakawa mekundu. Mkewe akaangalia sakafu, na nikafurahi kwamba amesikia.

Nguzo, ambaye mwaka mzima anaweza kutumia maneno ya kujaza kikombe kimoja, akakohoa. "Basi mpigie kiitikio mara mbili," akamwambia mdogo wangu. "Mara moja yeye peke yake, mara moja mkeo peke yake. Usiseme nani ni nani. Akiijua ya kwake, ndiyo itakayokwenda, na mambo yaishe. Mimi nimechoka kuja hapa kusikiliza ndugu wakichambana."

"Nakubali," nikasema. "Na nasikilizia mlangoni."

"Si lazima iwe mlangoni," mdogo wangu akasema. "Kaa hapa, geuka tu."

"Nikae hapa ili unilaghai na spika zako? Sheria ni sheria. Baba angekuwepo angeniunga mkono."

"Mlango unakula mambo mengi, dada. Wimbo mzima ni sawa. Sauti moja peke yake hujawahi kuisikilizia huko. Hakuna aliyewahi."

"Naona umeanza kuogopa."

Akainua mikono akaishusha. Mimi nikaenda zangu bafuni. Sikuuliza nikikosea itakuwaje. Nani anauliza hivyo kuhusu koo lake mwenyewe?

Niligeuza ndoo nikaikalia, nikafunga mlango, nikaweka na kitasa. Palinuka sabuni ya kufulia. Bomba lilikuwa linadondosha maji, nikalikaza kwa nguvu mpaka likanyamaza. "Piga," nikapaza sauti, na hata kupaza kwenyewe kuliniuma.

Kikaja cha kwanza. Gitaa likafunguka, ngoma zikaingia, na juu yake mwanamke mmoja akaanza kupanda. Nasema kupanda, kwa sababu kila neno alilibeba. Alivuta pumzi nzito kabla ya kila sihami. Kwenye ile ya mwisho, ile inayotakiwa kwenda juu kabisa, akateleza, sauti ikakatika katikati kama uzi, akaishika tena, akalifikia lile paa akiwa hoi.

Nilicheka. Peke yangu, juu ya ndoo, nilicheka mpaka nikashika ukuta.

"Simamisha hapo," nikasema kupitia mlango. "Huyo sihitaji hata kumfikiria. Mwambieni aache kazi hii. Anaimba kama mtu anayepandisha ndoo ya maji ghorofani. Hizo pumzi ni za nini, anauza upepo? Na pale juu mmesikia alivyoteleza? Wimbo unasema sihami, yeye keshahama kitambo. Mimi hata nikiwa na homa sijawahi kuimba hivyo. Kuwa na ujasiri wa kufungua kinywa na koo bovu namna hiyo, halafu ukajiweka kwenye wimbo wa mtu, mimi ningeona aibu. Wifi, unanisikia? Ningeona aibu."

Huko nje hakuna aliyejibu. Nikajua wamekwisha.

"Haya, leta ya pili."

Ikaja ya pili, na mimi nikasimama. Sikukusudia, miguu ilisimama yenyewe. Ile sauti iliingia bafuni kana kwamba mlango haupo. Ilikwenda juu bila kushika ukuta, ikapasua pale pa kupasuliwa, ikakaa juu ya gitaa la mdogo wangu kama mwenye nyumba kwenye kiti chake. Nilijiona jukwaani nywele zimeniganda usoni, watu wananiimbia wimbo wangu. Nikaona kumbe nilikuwa bado nipo. Miezi yote ile ya kuongea kwa mkwaruzo, ya kuandikia watu kwenye simu badala ya kuwapigia, nilikuwa nimekaa salama ndani ya ile kompyuta mbovu nikijisubiri. Nililia. Nikajifuta na taulo la mtu, nikafungua mlango, nikatoka kichwa juu.

"Ya pili," nikasema nikiingia. "Mwenye masikio hahitaji kuambiwa."

Nguzo alikuwa ameinamia besi yake, anakaza uzi ambao haukuwa umelegea. Mdogo wangu alikuwa anaangalia vidole vyake. Wifi ndiye aliyezungumza, haraka, kabla sijafika katikati ya chumba.

"Umepatia, wifi. Ni wewe."

"Najua ni mimi. Sikuomba cheti." Nilikuwa nimepaa. Nilitaka kila mtu anitazame. "Sasa, futa ile ya kwanza."

Mdogo wangu akainua uso. "Ya nini kuifuta? Umeshinda, tunapeleka ya pili, imekwisha."

"Sitaki kuikuta tena kwenye miksi nyingine, imejificha nyuma ya pazia. Nawajua. Futa sasa hivi, nione kwa macho yangu."

"Nitaizima tu."

"Nimesema futa."

"Mfutie tu," wifi akasema polepole, na mdogo wangu akamgeukia mkewe akamtazama kama mtu asiyemfahamu.

Hakugusa kitu. Nikaona nimechezewa vya kutosha. Nikainama juu ya bega lake nikashika mausi mwenyewe, maana nimekaa kwenye chumba kile miaka ya kutosha kujua pa kubonyeza. Mdogo wangu akanidaka mkono. Hajawahi kunishika kwa nguvu tangu tukiwa watoto tunagombania nyama. Alinishika mpaka vidole vikaniuma.

"Hapana, dada. Hiyo siifuti. Ndiyo pekee iliyobaki."

"Pekee ya nani?"

Akageuza uso ukutani. Mdogo wangu hajui kudanganya, hajajua tangu utotoni, ndiyo maana alikuwa anapigwa yeye kwa makosa yangu. Nilimtazama yeye, nikamtazama Nguzo, ambaye sasa alikuwa amefumba macho. Kisha nikamtazama wifi, na wifi alikuwa amekiminya kile kitambaa kifuani kwa mikono miwili.

Nikaelewa. Ile ya kwanza ilikuwa mimi.

Nyani haoni kundule. Nilikuwa nimeliona mbele ya watu watatu, nikalicheka kwa sauti, nikaliita bovu, nikaliambia lione aibu.

Nilikaa kwenye godoro, lile lililokuwa limesimama, likaanguka nami taratibu mpaka chini. Wakati mwingine wowote mtu angecheka. Mdogo wangu akawa anasema maneno, kwamba mkewe alijifunza kutoka kwa rekodi za zamani, kwamba yeye anaimba kama mimi wa miaka ile na si mimi wa siku ile, kwamba kupitia mlango kila mtu angekosea, baba mwenyewe angekosea. Nikamwambia anyamaze. 

"Wewe," nikamwambia wifi. "Kwa nini umesema nimepatia?"

"Nilitaka ufurahi."

"Nani kakupa kazi hiyo?"

Akakikunja kile kitambaa.

"Ungeniacha nijifute? Umemwambia anifute. Nimekusikia."

"Ungekuwa hujui, wifi. Ungeisikia ile ya pili siku zote ukijua ni wewe. Mimi ningenyamaza mpaka nife."

Na aliamini anachosema, hilo ndilo lililonimaliza. Angeninyang'anya sauti na kunipa yake, na angeona amenitendea wema, na mimi ningemshukuru kwa kumchukia kila siku mpaka uzeeni. Nilimchukia siku ile kuliko siku zote. Nilimchukia kwa sababu ameimba vizuri, na kwa sababu nilikuwa nimelia.

"Nipigie ya kwanza," nikamwambia mdogo wangu. "Hapa hapa. Bila mlango."

Akapiga. Nikasikiliza. Bila mlango zile pumzi zilikuwa na maumivu ndani yake, ukiwa karibu unayasikia, lakini kwa anayesikiliza redio akiwa na shughuli zake yangekuwa makelele tu. Pale juu aliteleza vile vile. Nilisubiri nijisikie nimejipenda. Sikujisikia.

"Peleka ya pili," nikasema.

"Dada, tunaweza kuchanganya zote mbili, nikikuweka wewe mbele—"

"Hakuna kuchanganya tena. Miksi ngapi umefanya? Umetuchanganya mpaka sijijui. Peleka ya pili, na kwenye majina andika: beti mimi, kiitikio yeye. Jina lake kamili, lisipunguzwe herufi."

Wifi akaanza kutikisa kichwa. "Wifi, mimi siwezi. Wimbo ni wako. Sitaki jina."

"Utalichukua."

"Watu watasema nimekuondoa."

"Si umeniondoa?"

"Wifi, tafadhali."

"Nimesimama bafuni nimekulilia. Nimekusifu mbele ya mashahidi kuliko nilivyowahi kumsifu mtu, na sifa zenyewe siwezi kuzirudisha, zimeshatoka. Ulitaka nini zaidi? Chukua jina lako uniondokee machoni."

Alilia. Mimi si mtu wa kubembeleza, na hata ningekuwa, si siku ile. Nguzo akamwekea mkono begani kwa shida shida, kama anayegusa pasi asiyejua kama imewaka. Mdogo wangu akageukia kompyuta, akaandika. Nilisimama nyuma yake mpaka nikaona jina limekaa pale, kisha nikaenda chumbani kwangu.

Wimbo ulikwenda Jumatatu. Albamu ikatoka. Watu wanaupenda. Wananipongeza barabarani kwa beti, wanasema nimezisema kwa hisia, halafu wanauliza yule wa kwenye kiitikio ni nani. Nawaambia ni wifi yangu. Jukwaani sasa anasimama yeye, na mimi nyumbani naendelea kumkuta koridoni, na bado ananipisha. Maji yangu bado anayafunika na sinia. Sijamsamehe na sijui ni kitu gani hasa ningeanza nacho.

Ile ya kwanza mdogo wangu aliniwekea kwenye simu bila kuniambia. Niliikuta. Kwa wiki nyingi sikuigusa. Juzi walikuwa na onyesho, nyumba ilikuwa tupu mchana kutwa, nikakaa kitandani nikaifungulia, nikaamua kuimba nayo. Nilijiambia nitamfundisha huyu mwanamke pale anapoteleza.

Sihami ya kwanza nilimfikia nusu. Ya pili mkwaruzo wangu ukanikatikia kwenye silabi ya kwanza, nikajaribu tena, kikatoka kikohozi. Yeye hakunisubiri. Alivuta ile pumzi yake nzito, akapanda, akateleza, akashika, akaenda mpaka paa. Yule niliyemwambia aache kazi aliumaliza wimbo, na mimi nilikuwa nimekaa kitandani nimefunga mdomo, namsikiliza.